Daftari la Endulen: shule za kanisa na marafiki zao wa mbali

Karatu

Karatu ni mji wa kupita. Magari ya watalii huingia yakitokea Mto wa Mbu, yanajaza mafuta, wageni wananunua maji na shuka za Kimaasai, kisha safari inapanda kuelekea geti la Lodoare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro. Lami ya kutoka Makuyuni ilifika getini mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Hoteli zikafuata lami, na ziara za shule zikafuata hoteli. Mgeni mwenye saa moja ya ziada kabla ya chakula cha mchana hupelekwa darasani. Watoto wanasimama, wanaimba, wanagawiwa kalamu na pipi, wanapigwa picha, gari linaondoka.

Ziara hizo si ushirikiano wa shule, ingawa mara nyingi hupewa jina hilo. Nilikuja kutafuta ule mwingine: shule ya kanisa ya hapa na shule ya kanisa ya ng'ambo ambazo walimu wake wanajuana kwa majina, zinaandikiana, na zinajuliana hali hata mwaka ambao hakuna mgeni aliyefika. Mwalimu mkuu mmoja wa hapa, mama wa Kiiraqw aliyezeeka na chaki mkononi, alinitofautishia mambo hayo mawili vizuri kuliko kitabu chochote. Alisema wageni wa gari humuuliza ana watoto wangapi. Shule rafiki humuuliza kama yule kijana wa darasa la tano aliyekuwa haoni ubaoni amekwisha kupata miwani.

Jambo moja nililiandika kabla ya kuondoka, kwa kuwa wengi hawalijui. Kwa Wakatoliki, Karatu iko katika Jimbo la Mbulu, lakini Endulen iko katika Jimbo Kuu la Arusha. Ukipita geti umebadilisha askofu. Na kwa kuwa urafiki mwingi wa makanisa huandikwa kati ya jimbo na jimbo, au dayosisi na dayosisi, parokia mbili zinazouziana mahindi na mbuzi zinaweza kuwa na marafiki wa mabara tofauti bila kujuana zenyewe kwa zenyewe. Nitalirudia hili nikifika mbali zaidi.

Ukingoni

Juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro kulikuwa na ukungu na baridi ya kukaza meno. Hapo pana kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 akiwa anahesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Bernhard. Mwaka huohuo Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa, kilomita za mraba 8,292, kwa makubaliano kwamba wanyama na wafugaji wataishi pamoja humo. Filamu na kitabu cha akina Grzimek vilizunguka dunia, na tangu hapo mtoto wa Ulaya anawajua nyumbu wa Ngorongoro kabla hajasikia kwamba kuna mtoto mwenzake anayekwenda shule katikati ya nyumbu hao.

Endulen

Kutoka ukingoni barabara ya vumbi inashuka upande wa magharibi, inaiacha njia ya Serengeti, inapita mabonde yenye migunga na punda wa kubebea maji. Endulen ni kata kubwa ya wafugaji: maduka, mnada, shule, hospitali ya Kanisa Katoliki, kanisa. Laetoli haiko mbali. Huko ndiko timu ya Mary Leakey ilikokuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita, nyayo zilizoonekana mwaka 1978. Shule za Ulaya zinafundisha habari za nyayo hizo kwa picha. Watoto wa hapa wanachunga mbuzi jirani nazo.

Nilipoingia kwenye ua wa chekechea watoto walinijia mmoja mmoja, wameinamisha vichwa. Mtu mzima anatakiwa amguse kila mmoja utosini kwa kiganja, ndiyo salamu yao kwa mkubwa. Mwalimu alinisimulia kuwa wageni kutoka ng'ambo, kwa nia njema kabisa, hunyoosha mkono wapeane salamu ya kiganja kwa kiganja, na mtoto anabaki ameinama hajui afanye nini. Kwa hiyo sasa, kabla wageni hawajashuka garini, yeye huwafundisha kwanza wao. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Huko kufundishwa mlangoni ndiko ninakokuita ushirikiano, kwa sababu mwenyeji amekuwa mwalimu kwa dakika tano za mwanzo, na hizo dakika tano huweka sura ya siku nzima.

Masomo yenyewe yalikuwa ya Kimaa na Kiswahili kwa zamu. Mwalimu aliweka vijiwe mkekani, akaviita ndama, akawaambia watoto wawili wamekwenda mtoni, watatu wamebaki zizini. Watoto wakajibu kwa sauti moja. Ukutani kulikuwa na chati ya alfabeti iliyochapwa ng'ambo: kila herufi na picha yake, na picha mojawapo ni ya mtoto anayetengeneza mtu wa theluji. Chati hiyo ni safi, imetunzwa, imepigiliwa vizuri. Haijafunguka mdomo kwa watoto hawa kama vile vijiwe vilivyofunguka.

Ili mtu aelewe kwa nini urafiki wa shule una uzito wa namna yake hapa, inabidi arudi nyuma kidogo. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga shule katika nchi ya Wamaasai kwa imani kwamba shule italeta kanisa. Mei 1966 padre wa shirika hilo, Mmarekani Vincent Donovan, alimwandikia askofu wake barua kutoka misheni ya Loliondo, kaskazini ya hapa. Alieleza kuwa shule zinakwenda vizuri, hospitali inakwenda vizuri, uhusiano na watu ni mzuri, lakini hakuna Mmaasai mtu mzima anayeishi dini hiyo. Akaomba ruhusa aende kwenye maboma bila shule, bila dawa, bila zawadi, azungumze nao habari za Mungu basi. Kitabu chake juu ya miaka hiyo, Christianity Rediscovered, kilitoka mwaka 1978, na wamisionari wengi duniani wamekisoma.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inanigusa. Donovan aliona kwamba zawadi inaweza kuziba masikio ya pande mbili. Anayepokea hujibu kile anachodhani mtoaji anataka kusikia, na mtoaji hudhani amesikilizwa. Hata hivyo siwezi kufuata hoja yake hadi mwisho. Wazazi niliozungumza nao Endulen wanataka shule, na wanaitaka kwa moyo wote.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na mwaka uliofuata shule za makanisa zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa mali ya serikali. Nyerere alitaka mtoto asinyimwe darasa kwa sababu ya dini ya wazazi wake, na katika hilo alikuwa na haki. Lakini uzi kati ya shule na parokia za ng'ambo zilizokuwa zikizisaidia ulikatika. Makanisa yaliporuhusiwa tena kupanua shule za sekondari, na hasa baada ya makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii, uzi ule ulifungwa upya mahali pengine: kwenye sekondari za bweni, kwenye shule za Kiingereza za mijini, na kwenye chekechea kama hii. Shule ya msingi ya kijijini, ya serikali, imebaki katikati bila rafiki wa kanisani, ingawa waliomo ni watoto wa parokia ileile.

Jioni nilikaa na wazee wawili nje ya duka. Nilitaka kujua wao wenyewe wana desturi gani ya urafiki wa mbali. Wakanieleza habari za osotua, urafiki unaofungwa kwa kupeana mfugo. Ukimpa mtu ng'ombe na yeye akakupa, mnaitana kwa jina la mfugo huo hadi kufa, na watoto wenu wanaurithi uhusiano. Ukipata shida unakwenda kuomba. Unaomba unachohitaji tu, unapewa unachohitaji tu, na hakuna daftari la deni. Lee Cronk, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliichunguza desturi hiyo kati ya Wamukogodo wa Kenya. Aliwachezesha watu mchezo wa kupeana fedha, na walioambiwa kuwa huu ni mchezo wa osotua walitoa kiasi kidogo na kutegemea kurudishiwa kidogo kuliko wale ambao hawakuambiwa lolote. Kwa mtu wa mjini hilo linashangaza. Wazee wangu halikuwashangaza hata kidogo. Mmoja alisema mtu akikurundikia mali usiyoiomba, huyo hakukuheshimu, amekufunga kamba.

Tangu hapo nimepima kila ushirikiano wa shule niliouona kwa kipimo cha wazee hao: nani ameomba, ameomba nini, na je, upande wa pili nao huwa unaomba?

Kuna jambo ambalo siwezi kuliruka. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamisha kaya kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Serikali inasema wanaohama wanahama kwa hiari. Watetezi wa wafugaji wanapinga maelezo hayo. Kwa mwalimu wa darasa, maana yake ni madawati yanayobaki wazi katikati ya muhula, na majina anayoendelea kuyaita asubuhi kwa mazoea. Marafiki wa ng'ambo wameuliza, kwa haki, kama waendelee kujenga mahali ambapo kesho haijulikani. Mimi naamini rafiki wa mtoto hafungwi na ukuta. Kama mtoto amekwenda Handeni, karo yake na barua yake zimfuate huko. Na kama amebaki Endulen, asiachwe bila dawati kwa sababu watu wazima hawajamaliza kuzungumza.

Monduli

Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Kilutheri MaaSAE ilifunguliwa mwaka 1995, kazi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) pamoja na shirika la Operation Bootstrap Africa la Minneapolis. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1965 na David Simonson, mmisionari Mlutheri kutoka Marekani aliyeishi kati ya Wamaasai miaka mingi, na mwanzoni lilijulikana kwa kujenga madarasa vijijini. Wazo la Monduli lilikuwa jingine: wachukuliwe wasichana wa kifugaji ambao bila hivyo wangeolewa wakiwa wadogo, wasomeshwe bweni kwa fedha za wafadhili.

Ukilinganisha na Endulen, hapa urafiki umekuwa taasisi. Una ofisi, hesabu zinazokaguliwa, watu wanaojua kazi yao. Waliosoma hapa wamekuwa walimu na wauguzi, na baadhi wamerudi kwenye wilaya za kwao. Hilo ni tunda kubwa, na yeyote anayeudharau ufadhili wa aina hii angetakiwa aonane kwanza na mama mmoja tu aliyepita shule ya namna hii, amwulize maisha yake yangekuwaje.

Ninachokikosa ni barua ya kuvuka pande mbili. Hapo nazungumza kwa niliyoyaona nikiwa mwalimu, katika shule moja ya kanisa ambayo sitaitaja. Kila muhula ilikuwapo siku ya barua za wafadhili. Mwalimu wa zamu aliandika mfano ubaoni kwa Kiingereza: nimefurahi, nasoma kwa bidii, namshukuru Mungu kwa ajili yako. Wanafunzi walinakili, wakabadilisha jina. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliongeza sentensi yake mwenyewe, kwamba mvua ikinyesha bwenini wanahamisha magodoro, naye anaomba mfadhili amwambie huko kwao mabati huezekwaje. Barua ikarudishwa aandike upya. Niliuona uso wake wakati anaichana. Alikuwa ameuliza swali la mtu na rafiki yake, tena swali zuri la ufundi, tukamfundisha kwamba rafiki wa ng'ambo haulizwi maswali.

Desturi hiyo ina mizizi mirefu pwani. Mwaka 1887 kilichapishwa London kitabu Kiungani; or, Story and History from Central Africa, cha habari zilizoandikwa na wavulana wa shule za misheni ya Kianglikana ya UMCA, zikatafsiriwa na Arthur Cornwallis Madan. Kiungani, Zanzibar, ilikuwa shule ya wavulana waliookolewa utumwani. Waliandika jinsi walivyotekwa, walivyouzwa, walivyofika pwani, na Waingereza wakasoma, na michango ikaingia. Ninawashukuru wavulana wale, kwa kuwa bila wao sauti ya mtoto mtumwa wa Afrika Mashariki ingekuwa hafifu zaidi. Lakini hesabu ya nani alimweleza nani habari zake iliwekwa tangu wakati huo: mtoto wa Kiungani alitoa maisha yake yote kwenye karatasi.

Iringa

Niliteremka hadi Iringa kwa sababu ya Bega kwa Bega. Ni ushirikiano wa Dayosisi ya Iringa ya KKKT na Sinodi ya Saint Paul huko Minnesota, ulioanza mwaka 1987, na sidhani kama nchini kuna mwingine wa kanisa ulioshikana hivyo kwa muda mrefu. Tofauti yake na Monduli ni kwamba mzigo haukubebwa na ofisi moja. Usharika wa hapa umeunganishwa na usharika wa kule. Karo za wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya uhusiano huo, na shule kama ile ya kijiji cha Pommern, jina lililoachwa na Misheni ya Berlin, zina marafiki wanaojua hata mwaka ambao mahindi yalikauka.

Kitu nilichokipenda Iringa ni sala. Jumapili usharika wa hapa huwaombea wa kule kwa kutaja shida zao: mgonjwa, mchungaji aliyestaafu, baridi kali. Niliwahi kuona mabibi wa Kihehe wakimwombea mtu wa Minnesota aliyepoteza kazi, kwa uzito uleule wanaomwombea jirani. Mtu aliyeombewa namna hiyo hawezi tena kuwa mfadhili tu, maana amekubali kuonekana ana shida. Kwa kipimo cha wazee wa Endulen, hapo pande zote mbili zimeomba.

Kinachotia doa ni viza. Wamarekani huja kila mwaka. Watu wa Iringa nao wamekwenda, lakini wachache, baada ya foleni ya ubalozi Dar es Salaam, ada isiyorudishwa na mahojiano ambayo mchungaji kijana au mwanafunzi asiye na akaunti nene anaweza kuyashindwa kwa dakika chache. Hakuna sala wala mkataba wa dayosisi unaoliondoa hilo.

Kajiado

Ndipo nikapanda Namanga, nikavuka. Hapa narudi kwenye lile la majimbo.

Kajiado kuna Shule ya Wasichana ya kanisa la AIC, iliyoanza mwaka 1959. Chini ya mwalimu mkuu wake Priscilla Nangurai ilijulikana nje ya mipaka ya Kenya kwa kuwapokea wasichana waliokimbia kuozwa. Kwa Wakatoliki, Kajiado na Narok ziko katika Jimbo la Ngong. Watu ni walewale wa Kimaa, ng'ombe ni walewale, ukame ni uleule. Maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki wana umoja wao, AMECEA, tangu mwaka 1961. Mwaka wa shule huanza Januari pande zote mbili, wakati shule nyingi za Ulaya huanza Agosti au Septemba na kila ratiba ya kutembeleana inagongana na mitihani ya mwenzako. Mtanzania anavuka Namanga bila viza. Hata hivyo katika safari hii yote sikukutana na shule moja ya kanisa ya Ngorongoro yenye rafiki wa kudumu Kajiado au Narok. Wote tumeangalia ng'ambo ya bahari.

Sisemi tuwaache wa Minnesota na wa Ujerumani. Fedha za karo zinatoka kwao, na upendo wao ni wa kweli. Nasema kuna maswali ambayo hawawezi kuyajibu, na hatuna haki ya kuwatwisha.

Mfano ni swali nililopewa Endulen na mwalimu, mama mtu mzima, tulipokuwa tunaagana. Msichana amekwenda nyumbani likizo, baba amekwisha kupokea ng'ombe wa mahari, shule imefunguliwa na binti hajarudi. Unaanzia kwa nani? Kwa mzee wa ukoo, kwa padre, kwa mama, au kwa polisi? Ukianzia kwa polisi binti anarudi darasani lakini amepoteza kwao. Ukianzia kwa wazee siku zinapita na anaweza kuwa mjamzito. Tanzania imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule tangu Novemba 2021. Kenya ina sera ya namna hiyo tangu 1994. Wenzetu wamelishughulikia jambo hili robo karne zaidi yetu, kwa lugha ileile na kwa wazee wa rika zilezile.

Nililipeleka swali hilo kwa mwalimu mstaafu wa Kajiado. Mama yule hakunipa hotuba. Alivuta kiti, akaniambia niandike. Kwanza, tafuta ng'ombe wamefika wangapi na wako kwa nani, kwa maana baba aliyekwisha kuwala hazungumziki kama baba ambaye bado anao. Pili, usimwendee baba kabla ya kumpata kaka mkubwa wa mama. Tatu, nenda na mzee aliyesomesha binti yake, si na mwalimu peke yake. Akaendelea hadi akafika kwenye godoro la ziada ambalo bweni linatakiwa kuwa nalo siku zote, kwa ajili ya msichana anayefika usiku. Alipomaliza naye akawa na swali: Endulen wanafanyaje chekechea kwa Kimaa bila mkaguzi kugomba? Kwao Kajiado wamelijaribu wakashindwa.

Niliandika yote kwa Kiswahili, nikaweka majina ya shule zote mbili na namba za simu za walimu wawili, na karatasi hiyo nikampa dereva wa gari linalokwenda mnada wa Endulen.